Miaka Ishirini na Tisa ya Kuamsha Watu Taratibu

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya utumishi, Msimamizi wa Vyumba wa Nyumba ya Mapumziko anastaafu. Kwenye majalada ya Wakfu ana jina kamili, na cheo chake kimeandikwa kwa herufi kubwa. Lakini ukija getini ukamuulizia kwa jina hilo, mlinzi atakutazama kwa muda kisha atakuambia kwamba huenda umekosea nyumba. Humu ndani anaitwa Mjomba Nyatu. Wanaomwita mjomba kwa haki ya damu hawazidi watatu. Waliobaki, ambao ni maelfu, walijichukulia tu.

Hilo la Nyatu lilitokana na kunyata. Mjomba ni mtu mkubwa. Milango ya vyumba vyetu humlazimu kugeuka upande kidogo ndipo apite, na kiatu chake kikiwekwa kwenye rafu ya pale mlangoni hula nafasi ya jozi mbili. Hata hivyo, mimi ninayeandika haya, karani wa mapokezi kwa miaka kumi na minne, ninayekaa nimeitazama korido tangu asubuhi hadi jioni, sijawahi hata siku moja kumsikia akija. Unaandika, unainua macho, na tayari yupo mbele yako amekumbatia mashuka. Wiki yangu ya kwanza kazini nilimwaga chai mara nne. Mara ya tano alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia.

Kwa wafanyakazi wapya, ni vizuri kueleza nyumba hii ilitoka wapi. Mwanzilishi wa Wakfu alikuwa fundi magodoro. Mtoto wake wa kwanza, akiwa na miaka tisa, alilazwa siku arobaini katika hospitali ambayo ukuta wake wa nyuma unatazamana na geti letu. Mama aliruhusiwa kukaa kando ya kitanda. Baba alilala kwenye korido juu ya maboksi aliyoyakunjua, na kila alfajiri mfagiaji alimgusa mguu kwa ufagio ili apishe. Huyo ndiye aliyekuwa amewatengenezea watu wa mji mzima mahali pa kulala. Mtoto alipona. Baada ya miaka miwili fundi alinunua nyumba hii ya ghorofa moja, akaijaza vitanda ishirini na vinne, akatandika magodoro aliyoyashona kwa mkono wake, na akatangaza kwamba mwenye mgonjwa ng'ambo ya barabara atalala humu bure hadi mgonjwa wake atoke. Mke wake, ambaye wote tulimwita Bibi, alichagua vitambaa. Wakfu umebaki mikononi mwa familia hiyo hadi leo. Yule mtoto wa siku arobaini ndiye Mwenyekiti wetu, na mdogo wake wa kike ndiye Katibu.

Mjomba Nyatu alitoka kwenye kiwanda cha fundi huyo. Kazi yake ilikuwa kushona kingo za magodoro kwa sindano ndefu kama mkono wa mtoto, na aliipenda, ila vumbi la pamba lilimkaa kifuani. Daktari alimwambia achague moja, pamba au mapafu. Alikwenda kuaga akiwa na binti yake mgongoni, mkewe akiwa amefariki mwaka mmoja kabla, na hakujua angeanzia wapi. Fundi alimtazama akamwambia, "Umeyashona vya kutosha. Sasa njoo uangalie watu wanavyoyalalia."

Akaja. Akapewa chumba cha uani, yeye na mtoto, na funguo thelathini na moja.

Watu wengi hudhani nyumba ya kulala hufanya kazi yake usiku. Yetu hujaa mchana. Wanaokesha kando ya wagonjwa huvuka barabara asubuhi, wengine wakiwa bado na vyombo vya uji mkononi, wanavua viatu mlangoni, na ifikapo saa nne nyumba nzima imezama. Nje jua linawaka kama kawaida na watu wanagombea nafasi ya kuegesha magari. Ndani, mapazia mazito ya rangi ya bluu, yaliyoshonwa kwa kitambaa kilekile cha magodoro, huuchuja mwanga hadi uwe kama mwanga wa chini ya maji. Feni zinazunguka polepole. Mashuka yananukia jua. Ukisimama katikati ya korido ya juu ukatulia kidogo, utaisikia nyumba ikivuta pumzi na kuitoa. Nimeona wakaguzi wenye sauti kubwa wakiingia humu na kuanza kunong'ona kabla ya kuambiwa, na mmoja wao, mtu wa heshima zake na mkoba, alikaa kwenye benchi kusubiri sahihi akasinzia hadi saa tisa.

Utulivu huo ulikuwa na mwenyewe. Kila Jumamosi Mjomba alizunguka na chupa ya mafuta ya cherehani akilainisha bawaba za milango yote. Miguu ya viti aliivisha soksi za mpira alizozikata kwenye tyubu za baiskeli. Birika la jikoni lilipoletwa lilikuwa likipiga mluzi maji yakichemka. Lilipiga siku moja tu.

Mtaa nao aliufikia, bila kugombana na mtu. Muuza mikate alikuwa akipita saa tano asubuhi na baiskeli yenye kengele ya kuamsha hata waliokufa ganzi. Wageni walipolalamika, tulitaraji Mjomba angetoka nje kumkanya. Badala yake alimkaribisha ndani, akamwonyesha pa kuweka viatu, akampitisha korido ya chini, kisha ya juu, akamtoa kwa mlango wa nyuma. Hakumwambia neno. Kesho yake muuza mikate alipofika usawa wa ukuta wetu aliifunika kengele kwa kiganja mpaka alipoumaliza. Baiskeli yake ya sasa haina kengele kabisa, lakini akifika hapo mkono bado unakwenda wenyewe. Seremala wa kwenye kona naye alipitishwa njia hiyohiyo, na tangu hapo kazi ya randa huifanya asubuhi na misumari huiacha hadi saa kumi jioni.

Kuamsha ndiyo iliyokuwa sanaa yake. Mgeni akiingia hutaja saa anayotaka kuamshwa, na Mjomba hakuhitaji kuandika. Hakutumia kengele. Alisimama mlangoni, kwa vyumba vya akina mama alisimama nje ya pazia, na aliwaita watu kwa wale waliowaleta humu. "Baba wa mtoto wa wodi ya tatu, imefika saa tisa." "Mke wa mzee wa mguu, chai iko jikoni." Alinieleza siku moja kwamba mtu aliyechoka sana husahau hata jina lake, lakini hamsahau aliyemwacha kitandani. Wale wa kushtuka aliwafungulia kwanza pazia kwa upana wa kidole, akangoja mwanga uwafikie usoni. Wale wazito aliwawekea kikombe cha chai karibu na kichwa na kuuacha mvuke ufanye kazi.

Mama mmoja aliomba aamshwe saa nane. Saa nane kasorobo Mjomba alivuka barabara, akaenda wodini, akamkuta mume wa yule mama amelala fofofo na homa imeshuka. Muuguzi akasema, "Mwache naye alale." Mama yule alilala kwa muda wa saa kumi na tisa. Alipoamka alikasirika, akamwita Mjomba majina ambayo sitayaandika kwenye jarida hili, akakimbilia ng'ambo. Alimkuta mumewe amekaa kitako anauliza kama kuna cha kula. Siku mbili zilizofuata alikuja kusaidia kukunja mashuka.

Halafu zilikuwepo ndoto. Mtu akiamshwa taratibu huamka na ndoto yake mkononi, haijamponyoka bado, na wa kwanza kukutana naye alikuwa Mjomba. Kwa hiyo alisimuliwa. Kijana aliyemwota mama yake anapanda vitunguu juu ya paa la hospitali, na kila kitunguu kilikuwa kikitoa sauti ndogo kikiingia udongoni. Dada aliyeota wodi imejaa maji ya uvuguvugu, vitanda vinaelea, na hakuna mgonjwa aliyeogopa. Mjomba alikunja shuka na kusikiliza. Wengine walitaka awafasirie. Aliwajibu, "Mimi si mtu wa ndoto, mimi ni mtu wa mashuka." Swali lake lilikuwa moja tu: "Ulikuwa umevaa viatu?" Kwa miaka yote hiyo aliona kwamba mtu aliyelala vizuri huota yuko peku. Waliojibu kwamba walikuwa na viatu, na zamu yao ikawa inaruhusu, aliwarudisha kitandani kwa nusu saa nyingine.

Binti yake alikulia katika chumba cha uani. Alijifunza kunong'ona kabla ya kujifunza kusema. Alipoanza shule, mwalimu alimwita Mjomba kumweleza kwamba mtoto ana akili ila hana sauti. Mjomba alijitetea, na mwalimu akamwambia, "Baba, hata wewe sikusikii." Binti huyo sasa ni mwalimu wa michezo, na filimbi yake husikika mtaa wa tatu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wazee wa ofisi hii hawalizungumzi sana. Nimeomba ruhusa kwa wahusika wote kuliandika, na wote wamekubali.

Mwanzilishi alifariki miaka sita iliyopita. Hata mwaka haujaisha, watoto wake wawili walikuwa hawasemeshani. Mwenyekiti alitaka nyumba hii iuzwe, ijengwe shule ya ufundi yenye jina la baba yao, mahali ambapo vijana mia mbili wangesoma kila mwaka. Katibu alitaka nyumba ibaki. Hakuna aliyekuwa mbaya kati yao. Mwenyekiti alisema, na alikuwa na hoja, kwamba mtu akilala anaamka palepale alipokuwa, lakini mtu akifundishwa kazi hubadilika. Hadithi ya siku arobaini alikuwa ameisikia tangu utotoni hadi ikamchosha. Alikuwa yeye ndani yake, lakini hakukumbuka chochote zaidi ya dari.

Ofisi zao zinatazamana. Kati ya mlango na mlango ni hatua tatu, na hatua hizo nilizipiga mimi kwa karibu miaka miwili.

"Mwambie Katibu dirisha lake linagonga."

"Mwambie Mwenyekiti nimesikia, na lake pia."

Nikafunga madirisha yote mawili mwenyewe.

Ndipo Bibi akaugua. Alilazwa ng'ambo, wodi ya ghorofa ya pili, na ikawa zamu ya familia yenyewe kuwa na mgonjwa. Katibu alikaa naye mchana, Mwenyekiti usiku. Ili wasikutane kitandani kwa mama yao, shangazi yao aliingia katikati saa kumi na moja na nusu jioni na kukaa hadi saa kumi na mbili, kama daraja. Wote wawili wanaishi mbali na hapa, kwa hiyo wote wawili walihitaji pa kulala karibu. Wiki ile tulikuwa tumejaa. Baba yao aliweka sheria kwamba familia haimtoi mgeni kitandani, na kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja, katika chumba kidogo cha mwisho wa korido ya juu. Wakakigawana bila kugawana. Mwenyekiti alilala kuanzia saa sita mchana, akaamshwa saa kumi na moja, akatoka kwa geti la mbele. Katibu aliingia kwa mlango wa nyuma saa kumi na mbili kasorobo. Katikati, Mjomba alibadilisha shuka.

Siku ya tatu au ya nne alinifuata mapokezi. Alisimama pale muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Wote wanaukunja mto mara mbili," akasema.

"Nani?"

"Hawa wawili. Baba yao naye alilala hivyo. Nikiingia jioni mto umekunjwa, naunyoosha. Nikiingia asubuhi umekunjwa tena, vilevile."

"Umewaambia?"

"Nimwambie nani? Kila mmoja anajua wake."

Bibi alikaa hospitali siku ishirini na tatu. Katika siku ya kumi na sita sote tulipokea barua. Nyumba ingefungwa mwisho wa mwezi, kikao cha kuthibitisha kingekuwa Jumamosi, na kwa kuwa Bibi hakuweza kuhudhuria, kura ya Mwenyekiti ingeamua. Mpishi alilia wazi. Mjomba aliisoma barua yake akiwa amesimama, akaikunja kama anavyokunja foronya, akaitia mfukoni na kwenda kuamsha watu wa saa nane. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na chumba chake kilikuwa uani.

Siku iliyofuata, saa kumi na moja jioni, alipanda juu kumwamsha Mwenyekiti kama kawaida. Nilimwona akipanda. Nilimwona pia akishuka, peke yake, mapema mno. Akaenda jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaweka mikono yake mikubwa juu ya magoti. Nilidhani amejisikia vibaya.

"Mjomba, ameamka?"

"Bado."

"Saa kumi na moja na dakika kumi."

"Naiona saa."

Kwa miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kumchelewesha mtu hata dakika tano bila kwanza kuvuka barabara na kuhakikisha. Ikafika na nusu. Ikafika kasorobo, mlango wa nyuma ukafunguka, na Katibu akapita akiwa ameshika ukuta kwa uchovu, viatu mguuni, maana hata rafu hakuiona. Akapanda ngazi. Mimi na Mjomba tukatazama dari.

Hatukusikia kitu. Katibu ndiye aliyetusimulia baadaye. Alifungua mlango akamkuta kaka yake amelala chali, mkono mmoja umening'inia hadi sakafuni, mdomo wazi, mto umekunjwa mara mbili chini ya kichwa. Alikuwa akimwona mtoto aliyekuwa akilala kitanda cha pili chumbani kwao, yule ambaye mkono wake ulining'inia hivyohivyo, na yeye aliuogopa akidhani kuna mdudu atauma vidole vyake. Aliuinua ule mkono akauweka kifuani kwa mwenyewe. Kaka hakuamka. Katibu akakaa kwenye kiti cha kando ya kitanda afikirie la kufanya, na kabla hajafikiri lolote usingizi ukamchukua, ameegemeza kichwa ukutani.

Tulichokiona sisi ni hiki: saa kumi na mbili na dakika tano Mwenyekiti alishuka ngazi akiwa peku, amebeba viatu vya kike. Alitembea kwa ncha za vidole, yeye ambaye hukemewa kwa visigino vyake. Akaviweka viatu kwenye rafu, kimoja kando ya kingine, akavisogeza vikae sawa. Kisha akaingia jikoni.

"Mjomba, leo hukuniamsha."

"Nimechelewa, Mwenyekiti."

"Wewe huchelewi."

"Leo nimechelewa."

Mwenyekiti akavuta kiti. Hakikutoa sauti. Akakaa, akajifuta uso kwa viganja vyote viwili. "Nimempigia Shangazi, atakaa na Mama kidogo," akasema. Kisha akaongeza, "Nimemlaza kitandani. Amekuwa mwepesi. Anakula kweli huyu?"

"Chakula cha jioni huwa anakirudisha nusu," Mjomba akasema.

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Mimi nabadilisha mashuka tu, baba."

Mwenyekiti alikaa pale saa nzima akisubiri dada yake aamke. Aliniomba nisiende kumwamsha. Alimwuliza Mjomba mambo ambayo nadhani alikuwa hajawahi kumwuliza mtu: wageni huja na nini, huondoka wakisema nini, wangapi huondoka wakiwa wamefiwa. Mjomba alimjibu kila swali kwa sauti yake ya chini. Kuhusu waliofiwa alisema kwamba huwa anawaacha walale tena kabla ya kusafiri, kwa sababu barabara ni ndefu. Nikamsikia Mwenyekiti akisema, polepole, kama anayezungumza na kikombe, "Sijalala namna hii tangu Baba azikwe. Siku kumi na saba nalala hapa, na kila siku naamka nikidhani nimepumzika kwa sababu ya uchovu wangu. Kumbe ni nyumba hii."

Katibu alipoamka alishuka akitafuta viatu. Akaviona kwenye rafu, akamwona kaka yake.

"Umeniachia kitanda," akasema.

"Ilikuwa zamu yako."

"Umenivua viatu?"

"Sheria ya nyumba."

Mjomba akanigusa bega, tukatoka nje, tukawaachia jiko. Walizungumza humo hadi chai ikapoa na kupashwa moto mara mbili. Baadhi ya walichosema kilisikika hadi getini, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba hii Mjomba hakumnyamazisha mtu.

Mambo hayakunyooka siku hiyo moja. Kikao cha Jumamosi kiliahirishwa, kikaahirishwa tena. Bibi alirudi nyumbani akiwa dhaifu, akaishi mwaka mmoja na nusu, na vikao viwili alivihudhuria kwenye kiti cha magurudumu akiwa na watoto wake pande zote mbili. Shule ya ufundi ilipatikana, ndogo kuliko ile ya ndoto ya Mwenyekiti, katika ghala la zamani la kiwanda cha magodoro. Vijana arobaini wanasoma ushonaji na useremala pale, na mikono yao ndiyo iliyotengeneza vitanda vyetu sita vya mwisho. Nyumba ya Mapumziko ina vitanda arobaini na viwili leo. Mwenyekiti na Katibu bado hawakubaliani kuhusu karibu kila kitu, lakini wanapokosana wanakosana wenyewe kwa wenyewe, milango ikiwa wazi, na miguu yangu imepumzika.

Nilimwuliza Mjomba mwaka jana kama siku ile alifanya makusudi. Alikuwa anaanika mashuka uani, na upepo ulikuwa unayajaza na kuyaachia. Akasema hakuwa na mpango wowote. Alifika mlangoni, akafungua mdomo kumwita, na hakujua amwite nani. Wengine wote aliwaita kwa wagonjwa wao. Huyu alimfahamu tangu ana miaka kumi na moja, alimwona akikua, na mfukoni alikuwa na barua yake ya kufukuzwa. "Niliona akiamka ataamka Mwenyekiti," akasema. "Nikataka abaki mtoto wa Mama kidogo." Kisha akakiri kwamba pale jikoni aliogopa mno, maana Bibi alikuwa anasubiri, na kama lolote lingempata Bibi katika saa nzima ile, asingeweza kuishi nalo. Hajawahi kuchelewa kumwamsha mtu tena.

Kwa miaka ishirini na tisa, kwa hesabu yake mwenyewe ambayo hakuiandika popote, hakuna mgonjwa hata mmoja ng'ambo aliyefumbua macho akamkosa mtu wake kwa sababu mtu huyo alisahauliwa kitandani kwetu. Hiyo ndiyo tuzo yake. Tutampa na saa ya ukutani, ambayo ameomba iwe isiyogonga.

Hafla ya kumuaga itafanyika uani, Ijumaa saa kumi jioni. Wageni wengi watakuwa bado wamelala, kwa hiyo hotuba zote, pamoja na ya Mwenyekiti, zitatolewa kwa minong'ono. Watakaoguswa sana wanaombwa wapige mapaja yao badala ya makofi. Seremala wa kona na muuza mikate wamealikwa, na wanajua taratibu. Mama wa dobi, ambaye amemfuata Mjomba korido hadi korido kwa miezi sita sasa, ataanza kuamsha Jumatatu. Wiki iliyopita alitokea mbele ya meza yangu bila mimi kumsikia, na nikamwaga chai.

Mjomba anahamia kwa binti yake, katika nyumba ya walimu iliyobanana na uwanja wa shule. Nilikwenda kuiona tulipopeleka kitanda chake. Kulikuwa na wanafunzi kama mia tatu uwanjani, mpira ulikuwa unagonga ukuta wa chumba chake moja kwa moja, filimbi inalia, na jirani upande wa pili anajifunza tarumbeta. Nikamwonea huruma. Nikamwambia, kwa sauti ya juu maana isingewezekana vingine, kwamba tunaweza kumtafutia chumba mahali penye utulivu zaidi, kwamba mtu aliyezoea kimya hivyo hatapata usingizi hapa.

Alisimama dirishani akiwatazama wale watoto wakikimbia.

"Nitalala," akasema. "Hawa wote wanaopiga kelele ni wazima."

Asante, Mjomba, kutoka kwetu sote na kutoka kwa wote uliowaamsha. Tunakutakia miaka mingi katikati ya wazima.